Klabu ya Gofu ya Mombasa au ya Nyali: mkaazi wa Bamburi anayefanya kazi Kilindini ajiunge na ipi?

Mwanzisha uzi:

Waungwana, salamu kwenu nyote. Naomba ushauri wa watu wanaocheza gofu hapa Mombasa, hasa wale ambao ni wanachama wa klabu kwa miaka na si wageni wa siku moja kama nilivyo mimi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikicheza kwa kulipa ada ya mgeni, mara huku mara kule, na sasa mke wangu ameniuliza, kwa haki kabisa, kwa nini tuendelee kulipa kama wapita njia ilhali kila Jumamosi sikosekani uwanjani. Sikuwa na jibu, na nimekubali kwamba wakati wa kujiunga umefika.

Kwa hali yangu klabu za kuchagua ni mbili. Ya kwanza ni Mombasa Golf Club, iliyoanzishwa mwaka 1911, yenye mashimo 9 yaliyotandazwa juu ya mwamba wa matumbawe kando ya Barabara ya Mama Ngina, pale meli zinapopita kuingia Kilindini. Ya pili ni Nyali Golf and Country Club, iliyoanza mwaka 1956, yenye mashimo 18, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Vipingo Ridge nimeitoa kwenye hesabu kwa sababu ya umbali, na Leisure Lodge ya Diani vilevile, kwani sitaki mchezo unaoanza kwa kupanga foleni ya feri ya Likoni.

Nyumba yangu iko Bamburi na kazi yangu iko Kilindini. Siku za kazi natoka saa kumi jioni, isipokuwa siku ambazo meli imechelewa, na hizo hazina ratiba. Handikapu yangu, yaani mapigo ninayopunguziwa kwa kiwango changu cha mchezo, ni 22. Mke wangu hajawahi kushika fimbo lakini anataka kujifunza, na tuna watoto wawili, wa miaka 11 na 8, ambao haja yao kubwa ni bwawa la kuogelea na sahani ya chipsi. Sisi hatutumii pombe, na jambo hilo nalitaja mapema kwa sababu nimeambiwa kwamba maisha ya klabu huizunguka baa, na sitaki kulipia maisha ambayo si yangu.

Moyo wangu umeelekea Nyali. Ni karibu na nyumbani, ina mashimo 18, na wenzangu kazini wananiambia kwamba mashimo 9 si gofu bali ni mazoezi ya gofu. Hata hivyo mkuu wangu wa idara ni mwanachama wa Mama Ngina na amejitolea kunipendekeza, na kusema kweli uwanja ule naupenda. Naomba mnisaidie kupima. Je, mashimo 9 yatanikinaisha baada ya mwaka mmoja? Handikapu niliyoipata kwenye uwanja wa mashimo 9 itaheshimika kwingine? Na ni mambo gani ambayo mtu huyajua baada ya kulipa, ilhali angepaswa kuyauliza kabla?

Mchangiaji kutoka Tudor:

Ndugu yangu, kwa kuwa umetaja saa yako ya kutoka kazini, umenirahisishia jibu. Wengi wanaoomba ushauri wa namna hii hueleza uwanja wanaoutamani na kusahau kueleza wiki yao. Mimi ni mwanachama wa mojawapo ya klabu hizo mbili, na sitasema ni ipi ili usidhani kwamba navutia kwangu. Nimekaa kwenye kamati ya kupokea wanachama, na niliyoyaona huko ni kwamba watu hawaachi klabu kwa sababu uwanja ni mbaya. Huacha kwa sababu hawafiki. Ada ya mwaka hulipwa Januari kwa furaha, Machi inapita, Juni inapita, na mtu anaona aibu hata kuulizia kabati lake la viatu. Kwa hiyo ushauri wangu wote ni mmoja: chagua klabu utakayoifikia siku ya kazi ya kawaida, ukiwa umechoka, jua likiwa bado juu.

Tuanze na jua lenyewe. Hapa Mombasa halituchezei sana. Kwa mwaka mzima huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na dakika arobaini hivi, mapema zaidi ikiwa Novemba na kuchelewa zaidi ikiwa Februari. Ukitoka Kilindini saa kumi, ukafika Mama Ngina kabla ya saa kumi na nusu na kubadilisha viatu, una muda wa kupiga mashimo 9 kwa miguu, yanayochukua kama saa mbili kwa watu wawili wasiozubaa, na ukatoka uwanjani Maghrib ikiadhiniwa. Ukiamua kuvuka kwenda Nyali saa hiyohiyo, unavuka pamoja na kisiwa kizima kinachorudi nyumbani. Klabu ya Nyali ilipoanza, watu wa kisiwani walikuwa wakivuka kwa daraja la kuelea, na hili la zege tunalolilaani kila jioni lilifunguliwa mwaka 1980. Foleni yake wewe mkaazi wa Bamburi unaijua kuliko mimi. Utafika, lakini utafika jua likiwa limebakisha mashimo manne.

Sasa turudi kwenye hilo la kwamba mashimo 9 si gofu. Wanaosema hivyo mara nyingi hawajacheza Mama Ngina kusi likiwa limeshika. Kuanzia Aprili hadi Septemba upepo unatoka baharini na kupanda juu ya ule mwamba, na shimo ulilolimaliza kwa fimbo namba tisa mwezi Februari, wakati wa kaskazi, linakutaka fimbo namba sita, inayopeleka mpira mbali zaidi, mwezi Julai. Nenda ukasimame kwenye tii, pale pa kupigia mpira wa kwanza wa shimo, iliyo karibu na ukingo. Kedi, yule anayekubebea fimbo, anang'oa majani matatu manne ya nyasi, anayaachia usawa wa kifua chake, na yanaruka nyuma yenu yote kabla hayajafika magotini. Kisha anakupa fimbo ambayo wewe hukuiomba na kukuonyesha mbuyu ulio kushoto kabisa ya bendera, nawe unafikiri kwamba amekosea. Unaulenga mbuyu, mpira unatoka ukielekea mahali pasipo na maana, halafu upepo unaurudisha. Ukimbishia kedi, mpira unakwenda kwa samaki. Uwanja wa namna hiyo hauishi utamu kwa mwaka mmoja, kwa sababu haufanani na ulivyokuwa jana. Na ukizunguka mara ya pili ili kutimiza 18, klabu za mashimo 9 kwa kawaida hukupigisha kutoka tii tofauti, kwa hiyo umbali na pembe hubadilika.

Kuhusu handikapu, wasiwasi wako ulikuwa na msingi zamani, leo hauna. Tangu mwaka 2020 dunia inatumia mfumo mmoja wa handikapu, na kila uwanja uliopimwa una kipimo chake cha ugumu, ambacho uwanja wa wastani hupewa 113. Handikapu yako ya msingi hutokana na wastani wa alama zako 8 bora kati ya 20 za mwisho, kisha hurekebishwa kila unapokwenda. Chukua mfano wa mtu mwenye 18.0: kwenye uwanja wenye kipimo cha 125 atapewa mapigo 20, na kwenye uwanja wenye kipimo cha 105 atapewa 17, tukichukulia kwamba mambo mengine yamelingana. Hakuna ujanja wa kupata handikapu ya bei rahisi kwenye uwanja rahisi, wala hasara ya kuipatia kwenye uwanja mfupi. Zaidi ya hayo, tangu Januari 2024 raundi ya mashimo 9 haisubiri tena mwenziwe ndipo ihesabiwe. Mfumo huichanganya na alama unayotarajiwa kuipata kwenye mashimo 9 mengine na kuiingiza papo hapo. Ukipeleka kadi ya alama kila Jumanne na Alhamisi, handikapu yako itakuwa ya kweli kuliko ya yule anayecheza mashimo 18 mara moja kwa mwezi na kukaa na namba ya mwaka juzi.

Fedha sasa. Usilinganishe ada kwa ada. Linganisha gharama ya raundi moja. Nitakupa hesabu ya kubuni ili uone njia yake, na tarakimu halisi utapewa na ofisi za klabu zenyewe. Tuseme kiingilio ni shilingi 200,000 na ada ya mwaka ni 60,000. Kiingilio hakirudishwi, kwa hiyo kigawe kwa miaka 10, upate 20,000 kwa mwaka, na jumla yako iwe 80,000. Ukicheza raundi 40 kwa mwaka, kila raundi imekugharimu 2,000. Ukicheza 12, imekugharimu karibu 6,700, na hapo huenda ingekuwa nafuu ubaki mgeni na uheshimiwe kama mgeni. Kedi hayumo katika hesabu hiyo. Analipwa mkononi mwisho wa raundi, na nakusihi usimpunje, kwani kwenye upepo ule thamani yake ni kubwa kuliko ya fimbo mpya unayotaka kuagiza.

Kuna malipo mengine ambayo hayaandikwi kwenye karatasi ya kwanza unayopewa. Uliza kama klabu ina kima cha chini cha matumizi ya mwezi, maana yake kiasi ambacho utatozwa kwa chakula na vinywaji ule usile. Kwa familia isiyotumia pombe swali hili si dogo, kwa sababu mwenzako atakimaliza kima hicho baa Ijumaa moja, na wewe itakubidi ukimalize kwa chai, samosa na samaki wa kupaka. Si vibaya, mradi jiko liwe zuri na nyama iwe halali, na hayo ni mambo ya kwenda kuyaona mwenyewe. Uliza pia kuhusu michango ya lazima. Pampu ikifa au paa likivuja, mkutano mkuu unaweza kupitisha kwamba kila mwanachama achangie, na mchango huo hauna hiari.

Hapo ndipo penye jambo ambalo watu hulijua baada ya kulipa. Klabu ya wanachama si duka. Ukijiunga unakuwa mmoja wa wenye nyumba, na madeni ya nyumba yanakuhusu. Kabla hujatia saini, mwombe anayekupendekeza akuonyeshe hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu na kumbukumbu za mkutano mkuu uliopita. Soma sehemu ya maswali kutoka kwa wanachama. Ukikuta swali moja linaulizwa mwaka baada ya mwaka na kujibiwa kwamba kamati inalishughulikia, umeshajua tabia ya nyumba. Uliza hati ya ardhi ni ya upangaji wa miaka mingapi na inaisha lini, kwa sababu ardhi ya ufukweni na ya Nyali ni ya thamani kubwa, na klabu zimejengwa juu ya mikataba yenye mwisho. Uliza maji ya kumwagilia grini, zile nyasi fupi zinazozunguka shimo, yanatoka wapi. Mji huu unategemea maji ya mbali, ya Mzima na Baricho, na mgao wake tunaujua. Uwanja unaotegemea visima hukabiliana na chumvi, na nyasi zinazovumilia chumvi, kama paspalum, ni gharama kuzipanda. Uwanja utakaokuonyesha sura yake ya kweli ni ule utakaoutembelea mwanzoni mwa Machi, kabla ya masika, wakati ferwei, yaani njia za nyasi kutoka tii hadi grini, zimekauka na mpira unabingirika kama umeangukia sakafuni. Mwezi Juni kila uwanja wa pwani ni mrembo.

Kwa hali uliyoieleza, saa kumi Kilindini na mkuu wa idara aliye tayari kukupendekeza, mimi ningesema Mama Ngina.

Mchangiaji kutoka Kongowea:

Kwa heshima zote kwa mzee wetu wa Tudor, nadhani amemshauri mchezaji na kumsahau baba. Hoja ya jioni ni ya kweli, lakini mwanzisha uzi mwenyewe amesema kwamba siku za meli hazina ratiba. Mtu wa bandari anayejiahidi Jumanne na Alhamisi anajidanganya, na Jumamosi ndiyo siku yake ya uhakika. Jumamosi uwanja wa mashimo 9 unabeba mzigo mara mbili, kwa sababu wanaoanza mzunguko wa kwanza na wanaoanza wa pili wanakutana kwenye tii ileile, na siku ya mashindano kusubiri ni lazima. Mashimo 18 yanawapokea watu wengi zaidi bila kukanyagana.

Kuna na suala la mchezo wenyewe. Sheria inakuruhusu kubeba fimbo 14, na uwanja mkubwa wenye miti unakulazimisha kuzitumia zote: kupinda mpira kulia, kuupinda kushoto, kuutoa chini ya matawi. Upepo wa Mama Ngina ni mwalimu mzuri, sikatai, lakini anafundisha somo moja tu. Mtu mwenye handikapu 22 anayetaka kushuka hadi 15 anahitaji masomo zaidi. Na watoto hawawezi kusubiri Kilindini. Shule zikifungwa, mama atawachukua kutoka Bamburi hadi Nyali bila kuvuka daraja, na hilo peke yake kwangu lingemaliza mjadala.

Mchangiaji kutoka Nyali:

Naona akina baba wamepanga jioni na Jumamosi, na mke wa ndugu yetu ametajwa kama abiria. Naomba niongeze upande wake, kwa kuwa nami niliingia gofu kupitia mume wangu.

Ndugu mwanzisha uzi, kabla ya kuchagua klabu, chagua ni nani atakayekuwa mwanachama kamili. Katika klabu nyingi mmoja huandikwa kuwa mwanachama kamili na mwingine huwekwa katika daraja la mwenza, ambalo ni nafuu. Unafuu huo una bei yake. Katika klabu moja ya bara, ambayo sitaitaja, nilikuta kwamba mwenza halipi kiingilio lakini pia hapigi kura, hawezi kumpendekeza mtu mwingine, na uanachama wake unasimama au kuanguka pamoja na wa mumewe. Mama mmoja wa pale alifiwa na mumewe akiwa amecheza kwenye uwanja ule kwa miaka mingi, na barua iliyofuata ilimweleza namna ya kuomba uanachama upya. Baadaye kanuni ilibadilishwa, lakini ilibadilishwa kwa kura ambayo yeye hakuwa nayo. Kwa hiyo someni kanuni za klabu zote mbili kuhusu mwenza: kura, talaka, kifo, na kama anaweza kupanda daraja baadaye kwa kulipa tofauti tu.

Pili, ulizeni saa za kuanzia. Baadhi ya klabu zilikuwa na desturi ya kuwatengea wanaume asubuhi ya Jumamosi, na desturi haifi siku ile kanuni inapofutwa. Njia ya kujua ni kwenda ofisini na kuomba kuona orodha ya waliopangiwa kuanza Jumamosi iliyopita. Hesabuni majina ya wanawake kabla ya saa nne asubuhi. Orodha hiyo haitawadanganya.

Tatu, kwa mtu anayeanza, mwalimu ni muhimu kuliko uwanja. Klabu nyingi hazimruhusu mwanafunzi kuingia uwanjani wikendi mpaka mwalimu amthibitishe, na handikapu ya kwanza hupatikana baada ya kupeleka kadi zinazofikia mashimo 54, ambayo ni raundi tatu za 18 au sita za 9. Kiwango cha juu kabisa cha handikapu siku hizi ni 54 kwa wanaume na wanawake, kwa hiyo asiogope kwamba atakuwa kichekesho. Nendeni mkamtazame mwalimu akimfundisha mtu mwingine. Akiwa anashika simu katikati ya somo, tafuteni mwingine.

Mwanzisha uzi:

Nawashukuru wote, na hasa dada yetu wa Nyali, kwa sababu mchango wake nilimsomea mke wangu jana usiku na mazungumzo yakachukua njia ambayo sikuitegemea. Aliniuliza swali la mzee wa Tudor, lakini akaligeuza: kati yetu wawili ni nani mwenye siku ya kawaida? Mimi nina jioni mbili kwa wiki, ikiwa meli zitakubali. Yeye anafanya kazi ya hesabu akiwa nyumbani, na watoto wakishaondoka kwenda shule ana asubuhi tatu ambazo hazimtegemei mtu. Tulipoziandika saa hizo kwenye karatasi, zake zilikuwa nyingi kuliko zangu, na zote ziko upande wa Bamburi.

Kwa hiyo tunafikiria jambo ambalo sikulileta kwenye uzi huu. Yeye ndiye aombe uanachama kamili Nyali, mimi niandikwe mwenza, na watoto wafuate. Jioni zangu za Kilindini nitaendelea kuzichezea Mama Ngina kwa ada ya mgeni, na baada ya mwaka nitaziangalia stakabadhi. Zikithibitisha kwamba kweli nilifika mara nyingi kiasi cha ile hesabu ya mzee, nitamwendea mkuu wangu wa idara na kumwomba anipendekeze. Zikionyesha kwamba meli zilinishinda, nitakuwa nimeokoa kiingilio. Swali langu lililobaki ni kama kamati itamkubali mtu ambaye bado hana handikapu, na kama si utovu wa adabu kwa mkuu wangu, aliyekwisha kujitolea.

Mchangiaji kutoka Tudor:

Mpango huo ni mzuri kuliko wangu, na nauunga mkono. Kwa mkuu wako, mwendee mwenyewe kabla hajasikia kwa wengine, na umweleze kwamba unataka kucheza naye Alhamisi moja moja kama mgeni wake. Klabu nyingi humtoza mgeni aliyekuja na mwanachama chini ya anayekuja peke yake, kwa hiyo naye atajisikia amekusaidia na wewe utapunguziwa.

Kuhusu mama watoto, kutokuwa na handikapu hakumzuii mtu kujaza fomu, lakini huweza kumweka katika daraja la wanaojifunza hadi apate kadi zake. Uliza kama kiingilio anacholipa sasa ndicho kitakachohesabiwa atakapopanda, au kama atalipa tena kwa bei ya siku hiyo. Tofauti hiyo huandikwa kwa herufi ndogo. Pia atahitaji mpendekezaji na wa kumuunga mkono, na kwa kawaida wote wawili hutakiwa wawe wanamjua yeye mwenyewe, si mumewe. Jina lake litabandikwa ubaoni kwa muda ili mwenye pingamizi aseme, kisha ataitwa mbele ya kamati, nao watamuuliza kwa nini anataka kujiunga. Asijibu kwamba ni kwa ajili ya watoto.

Mchangiaji kutoka Nyali:

Wa kumjua yupo. Sisi wanawake tunacheza mashimo 9 siku ya kazi asubuhi, tunaanza saa mbili na nusu kabla jua halijakaza, na mgeni anakaribishwa kutembea nasi bila kupiga hata mpira mmoja. Mwambie aje na kofia na viatu bapa, na fimbo tutamwazima. Nitumie ujumbe faraghani nikuelekeze tunapokutania, na fomu aichukue ofisini siku hiyohiyo, pamoja na nakala ya kanuni, maana hawatoi mpaka uombe.